Mdiria ndiye aliyenichagulia kamera

Nilizaliwa kambini hapa Jinja, Uganda, baba akiwa askari, ndiyo maana Kiswahili cha nyumbani kwetu bado kina amri ndani yake. Picha nilianza ukubwani. Mwaka 2017 nilinunua Canon 1300D na lenzi yake ya milimita 18-55, na baadaye nikaongeza ndefu zaidi, 55-250 STM iliyokwisha kutumika. Kazi yangu ni stoo: nahesabu mabati, misumari na mifuko ya saruji kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi mchana. Kamera ni ya Jumapili alfajiri, pale Nile inapotokea ziwani.

Ndege ninayemfuata ni mdiria, yule mweusi na mweupe. Watalii hawamjali sana kwa sababu yuko kila mahali, wanataka furukombe. Lakini mtazame vizuri. Anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanakwenda mbio hadi huyaoni, kichwa kimetulia kama kimepigiliwa ukutani. Kisha anadondoka kama jiwe, na kabla hujavuta pumzi yuko kwenye mti na kisamaki mdomoni. Kwa miaka kadhaa nilipata picha za maji yaliyoruka. Ndege mwenyewe, ukungu tu.

Nilipoanza kusema nataka kubadilisha kamera, kila mtu alikuwa na lake. Rafiki mmoja anayepiga harusi alisema kwa uhakika kabisa, "Nunua fulu fremu, umalize mambo," yaani kamera yenye sensa kubwa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha. Mwingine akaniambia niachane na Canon, niende Sony. Binamu yangu alitaka ninunue yoyote ile, mradi iwe tayari kabla ya kwanjula yake, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Mke wangu aliuliza swali moja: "Baba watoto, hiyo uliyo nayo ina kasoro gani?" Nikafungua mdomo, sikuwa na jibu. Nilijua kwamba nataka mpya. Kwa nini hasa, sikujua.

Basi nikafanya ninachojua kufanya. Nilichukua kitabu cha stoo ambacho hakijaandikwa kitu, nikachora safu tano, nikakaa mbele ya kompyuta jioni tatu mfululizo. Nilipitia picha zote za mdiria za mwaka ule ambazo sikuwa nimezifuta: 640. Kila picha niliikuza, nikaweka alama kwenye safu yake. Nilikuwa nimejiandaa kuilaumu kamera kwa chenga, zile punje punje za picha iliyopigwa kwenye mwanga hafifu, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwanza na ndizo zinazosemwa na kila mtu.

Hesabu ilikuja hivi. Fokasi imekosea: 371. Ndege ametoka nje ya picha au amekatwa nusu: 118. Shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga, ilikuwa ya polepole mno: 74. Chenga zimeharibu picha: 22. Nzuri: 55.

Ishirini na mbili! Fulu fremu ingenipa picha safi zaidi gizani, hilo ni kweli, lakini ni dawa ya ugonjwa nisioumwa. Halafu ingenipunguzia kitu ninachokihitaji. Sensa ndogo ya Canon kama yangu huikata picha pembeni kwa mara 1.6, kwa hiyo lenzi yangu ya milimita 250 inaona kama ya 400. Na lenzi yenyewe ni ya EF-S, aina ya sensa ndogo, haiingii kabisa kwenye fulu fremu za zamani zenye kioo ndani cha kuakisi picha kwenye kidirisha, kama 6D Mark II. Yaani ningenunua kamera, kisha nianze kutafuta pesa ya lenzi. Rafiki yangu wa harusi hakunidanganya. Yeye anapiga maharusi ukumbini usiku, na maharusi hawadondoki majini.

Zile 74 za shata ziliniaibisha. Nilikuwa napiga kwa 1/500 ya sekunde ndege ambaye anataka 1/2000 na kasi zaidi. Kosa hilo nililirekebisha Jumapili iliyofuata bila kutoa hata shilingi.

Zikabaki 371. Kamera ya 1300D ina pointi 9 za fokasi, na ya katikati peke yake ndiyo inayosoma pande zote mbili, wima na mlalo. Mdiria akiwa mbele ya mafunjo, ukimkosa kidogo tu pointi ile inarukia mafunjo na kung'ang'ania huko. Tena inapiga picha 3 kwa sekunde. Mchezo wote wa kudondoka unaisha haraka sana, unabahatika na picha mbili, moja ya juu na moja ya povu. Sasa nilikuwa na jibu la kumpa mke wangu, na nilijua kifungu gani cha kusoma kwenye sifa za kamera: fokasi na kasi. Megapikseli niliziacha ziende zake.

Orodha ikawa fupi. Nikon D500 ya mwaka 2016 inasifiwa sana na wapiga ndege, pointi zake 153, picha 10 kwa sekunde, lakini ningelazimika kuuza lenzi zangu na kuanza upya. Sony a6400, vivyo hivyo. Nikabaki na mbili za ukoo wangu: Canon 80D iliyotumika, na R10, hizi za siku hizi zisizo na kioo, iliyotoka mwaka 2022.

Nilipanda taksi kwenda Kampala Jumamosi moja. Ni kama kilomita 80, lakini Mabira ikiwa na malori mbele yako usihesabu saa. Najjembe nilinunua gonja, ndizi tamu za kuchoma, kupitia dirishani kama kawaida, vidole vikanata mpaka Mukono, nikawaza hivi ndivyo nitakavyoshika kamera za watu.

Dukani walikuwa na 80D moja kwa milioni moja na laki nane, pamoja na lenzi. Kwenye karatasi ilinivutia: pointi 45, zote zinasoma wima na mlalo, picha 7 kwa sekunde. Niliomba niitoe nje mlangoni. Karoli, wale ndege wakubwa wala taka, walikuwa wanazunguka juu ya jalala, nikawapiga, wakatoka safi. Nikafurahi kwa dakika moja, kisha nikakumbuka kwamba karoli ni mkubwa kama mlango na anaelea polepole. Hata 1300D humpata.

Nikaanza ukaguzi. Anayetaka kununua kamera ya mkono wa pili katika nchi hii ya maziwa afanye haya hata muuzaji akinuna. Nilifunga tundu la lenzi hadi f/22, nikapiga mbingu nyeupe. Doa tatu za vumbi kwenye sensa. Hizo husafishwa, si neno. Kisha nikaitoa lenzi, nikawasha tochi ya simu upande wa nyuma na kuchungulia kwa mbele. Ndani kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui. Kuvu. Unyevu wa huku unazipenda lenzi zinazokaa kwenye mfuko uliofungwa kabatini.

"Ssebo, bwana, hilo ni vumbi tu," kijana wa duka akasema.

"Mdogo wangu, vumbi halina matawi."

Akacheka, akapunguza laki moja. Nikamuuliza imepiga picha ngapi. "Kidogo tu." Shata ya 80D imetengenezwa kwa makadirio ya picha 100,000, na huwezi kusoma idadi kwenye faili la Canon kwa urahisi, unahitaji kebo na programu yake. Mpira wa mkononi ulikuwa umeng'aa kama kiti cha boda. Kamera ile ilikuwa imefanya kazi ya harusi, na kazi nyingi. Nikashukuru, nikaondoka.

Jambo lililoniokoa ni la kukodi. Nilisikia kuna duka lingine, la watu wa filamu na matangazo, linalokodisha vifaa. Walitaka nakala ya kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC ya kwanza, yaani baraza la kijiji, kwa hiyo nilirudi Jinja mikono mitupu, nikaenda tena Ijumaa iliyofuata nikiwa na barua. R10 na adapta ya kuvalisha lenzi zangu za zamani, siku mbili, laki moja na nusu. Mke wangu alisema ni pesa ya kutupa. Nilimwambia nikinunua kamera isiyonifaa nitatupa mara ishirini ya hiyo. Akanyamaza, si kwa kukubali.

Jumamosi alfajiri nilikodi mtumbwi. Mwenye mtumbwi ananijua, hushikilia kasia kimya nikimwonyesha kidole. (Kwa mgeni wa Jinja: kwenye bwawa la Nalubaale na madaraja yake usitoe kamera, wanaolinda pale hawana mzaha, na mimi mtoto wa askari sitakutetea.) Mdiria wa kwanza aliposimama hewani nilichungulia, nikaona kisanduku kidogo kimekwenda chenyewe kutua kwenye jicho lake. Kimekaa pale. Ndege akashuka, kisanduku kikashuka naye. Nilicheka peke yangu mpaka mtumbwi ukatikisika. Kamera hii imefundishwa kutambua wanyama, ndege wakiwemo, na inatafuta jicho. Kwa shata yake ya kawaida inafika hadi picha 15 kwa sekunde.

Lakini nilikuwa nimelipia kuona ubaya wake, si uzuri, kwa hiyo nikautafuta. Nilipoweka shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, mabawa yalitoka yamepinda kama mundu, kwa sababu sensa husoma picha mstari kwa mstari na bawa linakuwa limeshahama. Niliiacha hapo hapo. Majani ya mafunjo yakipita mbele ya ndege bado inababaika. Betri ni kisa kingine: ile ya 80D ina mAh 1865, hii mAh 1040, na kidirisha cha kuchungulia ni skrini inayokula umeme muda wote. Saa nne asubuhi ilizimika, nikarudi nchi kavu nikiwa na ghadhabu. Kwa upande mwingine ina gramu 429 pamoja na betri na kadi, shingo haikuuma.

Korongo aliyesimama ukingoni nilimpiga kwa kamera zote mbili, kwa lenzi ile ile. Nyumbani niliwaonyesha watoto, hakuna aliyeweza kusema ipi ni ya kamera mpya. Mimi mwenyewe ilibidi niangalie jina la faili.

Kisha kitabu cha stoo. Picha za mdiria za siku ile, 480. Fokasi imekosea: 104.

Swali lililobaki lilikuwa la pesa, na hapa ndipo nilipolala vibaya. Nilikuwa na milioni tatu na laki mbili, na karo ya muhula ilikuwa imeshalipwa, la sivyo nisingekuwa na mdomo wa kusema. R10 mpya dukani ilikuwa milioni nne na kidogo. Kuagiza nje niliwaza, nikapiga hesabu ya VAT ya asilimia 18 na gharama nyingine za kuingiza, nikaacha. Nikitafuta 80D nyingine nzima, ningebakiwa na pesa ya kuanzia lenzi ndefu zaidi. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, kwa sababu zile picha zangu 55 nzuri nyingi nilizikata nikabakiza nusu, ndege akiwa mbali. Ila umbali nina njia nyingine ya kuupunguza, ni mtumbwi. Fokasi hainunuliwi kwa kasia.

Jumapili jioni nilipeleka kamera ya watu Kampala. Nilipokuwa nasubiri kijana aikague, nikauliza tu, kwa mzaha nusu: "Na hii yenyewe, mnaiuza?" Akaenda kumwita bosi wake. Kumbe walikuwa wanataka kuondoa za zamani kidogo walete nyingine. Mimi nilikuwa nimekaa na kamera ile siku mbili. Nilijua ina mkwaruzo karibu na mlango wa betri na kitufe kimoja kinachotaka kubonyezwa kwa nguvu, na nilijua inachofanya kwa lenzi yangu, kwenye mto wangu. Hakuna ukaguzi wa mlangoni ungenionyesha hayo. Tulivutana kama robo saa. Milioni mbili na laki sita na nusu, adapta ndani, na wakaniandikia risiti yenye namba ya kamera. Risiti usiiache hata wakikuahidi bei ya chini zaidi bila hiyo.

Kwenye chenji yangu nilitoa betri ya pili na kadi yenye kasi, na sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, ninaloweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Zile nyuzi za kuvu sijazisahau. Kamera ya 1300D walitaka kuichukua kwa laki tatu na nusu, nikakataa. Ndiyo iliyokwenda kwenye kwanjula ya binamu, na lenzi yake ya 18-55, na hadi leo anatuma picha zile kwa ndugu.

Mwezi uliopita nilijaza ukurasa mwingine: picha 512. Fokasi 96. Shata 11. Chenga 30, zimeongezeka kidogo kwa sababu sasa natumia shata ya kasi kubwa, inayoingiza mwanga kidogo. Inayoongoza kwa makosa ni safu ya "ndege ametoka", 143, na hiyo ni mikono yangu. Mwenye mtumbwi anasema mdiria hutoboa mashimo ya kutagia kwenye kingo za udongo, na kuna ukingo mmoja upande wa Njeru ambapo huingia na kutoka kwa njia ile ile kila mara. Tunakwenda Jumapili, isiponyesha.