Idi kwa penseli

"Lakini penseli inafutika, mwalimu."

Tangu Jumanne maneno haya hayajaniacha. Nakoroga uji wa futari, yapo. Niko nyuma ya boda naelekea shule, yapo. Jana niliamka saa tisa usiku kupasha daku, na kabla sijafikia kiberiti yalikuwa yameshawasili. Aliyeyasema ni yule bwana mdogo wa dawati la karibu na dirisha. Wala hakusema kwa ujeuri. Angekuwa mjeuri ningelala.

Kalenda yangu ya ukutani mnaijua. Kila muhula wa kwanza nagundisha manila mbili, nachora miezi kumi na miwili kama vyumba vya kupanga, halafu darasa la nne tunaijaza pamoja kwa Kiswahili. Siku za serikali yetu ya Uganda huenda haraka: 26 Januari, 8 Machi, 1 Mei, 9 Juni, 9 Oktoba. Haraka lakini si bure. Kwenye 16 Februari niliwaeleza habari za Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa mwaka 1977 enzi za Amin, mmoja akauliza, "Kwa hiyo yeye aliuawa, sisi tukapewa likizo?" nikabaki na chaki mkononi. Kwenye 8 Machi, siku ya wanawake, binti mmoja alisema kwao ndiyo siku mama anapika kuliko siku zote, kwa sababu shangazi zote wanakuja kumpongeza. 3 Juni, siku ya mashahidi wa Uganda, ilikula kipindi kizima. Kila mmoja ana ndugu aliyewahi kutembea kwa miguu kuhiji Namugongo, walikouawa mashahidi, na kila ndugu alirudi na malengelenge yanayostahili kusimuliwa. Nikaongeza na wale Waislamu waliouawa kwa amri ya Mutesa wa Kwanza, Kabaka (mfalme) wa Buganda, katika miaka ya 1870, kabla hata ya mashahidi wa Kikristo wa zama za mwanawe Mwanga. Nisipowaambia mimi, sijui nani atawaambia.

7 Julai, siku ya Kiswahili, niliiandika mwenyewe kwa herufi kubwa bila kuomba maoni ya mtu. Agosti wavulana walitaka imbalu, tohara ya Wagisu, iwe kwa rangi nyekundu, maana hufunguliwa miaka ya shufwa, mwaka huu ni mmojawapo, na uwanjani Mutoto kutakuwa na watu. Hapa Mbale, kadodi, ngoma ya imbalu, ikianza kupita barabarani hakuna anayefundisha. Darasa zima linahamia dirishani, mwalimu akiwa wa kwanza.

Yote hayo kwa kalamu nene nyeusi. Zikabaki Idi mbili, na hizo nikaziandika kwa penseli. Idi el Fitri, 20 au 21 Machi. Idi ya kuchinja, mwishoni mwa Mei, na alama ya kuuliza pembeni.

Mkono ukainuka dirishani.

"Mwalimu, mbona Idi yetu iko kwa penseli?"

"Kwa sababu mwezi haujaandama. Ukionekana, tutajua ni ipi."

"Pasaka nayo haikai tarehe moja. Mwaka jana ilikuwa Aprili ishirini."

"Ya Pasaka imeshapigiwa hesabu. Iko kwenye vitabu."

Akaitazama manila kwa muda, kisha akanitazama mimi. "Lakini penseli inafutika, mwalimu."

Kengele ikalia. Nilishukuru kengele, na tangu hapo nailaumu.

Nimeshamjibu mara nyingi kichwani. Jibu la bodaboda lilikuwa zuri sana: kwamba penseli ni adabu, kwamba mtu hasemi kwa kalamu jambo ambalo Mungu bado hajalionyesha. Nililipenda mpaka tulipofika kituo cha mafuta, nikaona kuwa mtoto wa miaka kumi angenisikiliza kwa heshima kisha angerudi palepale: inafutika. Jibu la jikoni lilikuwa la hesabu. Jibu la usiku halikuwa na maneno, lilikuwa mimi tu nikichukua kalamu nene na kuandika 20 MACHI, potelea mbali. Baba Kadogo, ambaye wiki hii amepata ile kazi ya Tororo baada ya kusubiri kote kule mlikosoma hapa, alisema, "Mama Kadogo, andika kwa kalamu. Tarehe ikikosea, unakata, unaandika nyingine." Ni jibu la mtu ambaye hajawahi kukata kitu mbele ya watoto arobaini wenye macho.

Naye hakuelewa kinachonichoma. Mimi ndiye ninayefunga! Kama ingekuwa ni mwalimu asiyejua Ramadhani wala Shawali, ningemwelewa mtoto haraka sana, labda hata ningemtetea. Sasa yeye amekaa pale anatafuta mtu wa upande wake kwenye ukuta ule, na mtu mwenyewe ndiye aliyeshika penseli. Na penseli ile ni sahihi. Bado nasema ni sahihi. Mwaka mmoja tulishaamka tumejiandaa kwa Idi, mboga zimekatwa, tukaambiwa tufunge siku nyingine moja. Siwezi kuandika kwa wino kitu nisichokijua ati kwa sababu kinapendeza ukutani.

Kupendeza ukutani ndiyo hoja ya naibu wa mwalimu mkuu, ambaye alipita Jumatano akasema yale maandishi hafifu yanaonekana kama uchafu na wakaguzi wanaweza kuja wakati wowote. "Ama uandike vizuri, mwalimu, ama uondoe." Kwake ni hayo mawili tu. Nikasema ndiyo mwalimu, nikaacha kama ilivyo.

Siku hiyohiyo nikachora mwezi ubaoni, mara nne, kuanzia ukucha mpaka duara. Sikuwa nimepanga. Somo lilikuwa la nomino. Nikawaambia mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi peke yake, siku 354 au 355, ndiyo maana kila mwaka Idi inasogea nyuma siku kumi au kumi na moja. Pasaka ya Wakristo nayo inautazama mwezi huohuo, ila inasubiri ujae: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, na kwa kuwa wanatumia jedwali la hesabu, wanajua tarehe mapema. Mwaka huu ni 5 Aprili.

Hapo yule mtoto wa kutoka Nabugoye, ambaye huongea mara moja kwa wiki, akasema, "Yetu inaanza usiku wa tarehe moja. Baba ana kalenda mpaka ya mwaka ujao." Ni wa jamii ya Abayudaya, Wayahudi wa huku kwetu, wale ambao mzee Semei Kakungulu aliwaanzishia njia yao mwaka 1919 hapa Mbale. Wao pia wanafuata mwezi, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu wanaongeza mwezi mzima ili Pasaka yao isitoroke majira yake. Darasa likaguna. Kuongeza mwezi! Mmoja akauliza kama mwezi huo nao unalipiwa karo. Mtoto wa Nabugoye hakucheka. Akasimulia kwamba Amin alipiga marufuku dini yao, na kwamba Kampala ilitekwa 11 Aprili 1979, jioni ileile Pasaka yao ikaingia. Alisimulia kama mtu aliyekuwa pale na sahani mkononi, wakati hata baba yake sidhani alikuwa anatembea.

Nilipomaliza niligeuka dirishani. Bwana mdogo alikuwa anachora ukucha wa mwezi kwenye daftari. Hakusema kitu. Nami sikuuliza.

Halafu jioni, nikipanga vitabu, nikapiga hesabu nyingine ambayo sikuitegemea. Mwaka nilipokuwa darasa la nne mimi mwenyewe, 1993, Idi ilikuwa Machi. Mwezi huuhuu, wiki hizihizi. Tangu hapo imezunguka mwaka wote: ikapita Desemba ikakutana na Krismasi, ikapita Julai nikiwa na ujauzito wa Kadogo, na sasa imerudi mahali nilipoiacha. Nikakumbuka lile tope. Mvua za Machi zilikuwa zimeanza, na sisi tulikuwa na viatu vipya vyeupe (nani alinunua viatu vyeupe kwa watoto wa Mbale mwezi wa Machi, Mungu amrehemu). Bibi alitubeba mmoja mmoja mgongoni kutoka mlangoni hadi barabara ya lami, sisi wanne, akiwa na gauni lake la Idi amelikunja kiunoni, akitutukana kwa Kiswahili cha kambini alichojifunza kwa Babu.

Baada ya swala ndipo kazi yangu ilipoanza: sahani. Pilau inafunikwa kwa sahani nyingine, inafungwa kwa kitambaa, napeleka kwa Mama wa Kigisu nyumba ya pili, kwa fundi cherehani Mteso, kwa yule mwalimu mstaafu Mganda aliyekuwa hapendi vitunguu lakini alipokea. Krismasi sahani zilezile zilirudi na kuku. Agosti za imbalu zilirudi na malewa, yale machipukizi ya mianzi, ya karanga. Bibi hakuwahi kumiliki kalenda. Ukimuuliza sikukuu ya fulani lini, alikuwa anaangalia kabati: sahani yake iko kwetu au iko kwake?

Nikacheka peke yangu darasani. Nilikuwa na njaa, imebaki saa nzima kufuturu, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Jumanne.

Alhamisi nilikuta manila imeingiliwa. Wamejaza pembeni, kwa penseli, kila mmoja na lake. Novemba kuna nsenene, wale panzi wa kuliwa, wamechorwa na miguu yote. Juni kuna "Baba anarudi Juba", nadhani alimaanisha kutoka Juba, sitasahihisha. Septemba kuna "mbuzi wetu atazaa". Tarehe moja Aprili kuna mwandiko mdogo sana wa Nabugoye. Na kwenye ishirini Machi kuna mtu amepita juu ya maandishi yangu kwa penseli yake mwenyewe, akakandamiza herufi kwa herufi mpaka karatasi imeng'aa na upande wa pili imechomoza. Alama ya "au 21" hakuigusa.

Naibu hajaiona bado. Akiiona ataondoa au ataniambia niondoe, na safari hii sitajibu ndiyo mwalimu.

Mdogo wangu amekubali ile posa, nitaeleza siku nyingine, ng'ombe wanahesabiwa. Kinachoniweka macho usiku huu ni Kadogo. Tangu juzi anatafuna upande mmoja, na nikimwambia afungue mdomo anasema haumwi, anakimbilia kwa baba yake. Leo ameacha hata chapati. Kliniki ya meno inafunguliwa saa tatu, mimi nina darasa saa mbili unusu, na Baba Kadogo anaripoti Tororo kesho asubuhi. Shangazi yake simu haipokei.