Bendera Mbili za Kitenge

Jumapili jioni, Julai. Baridi ya Mbeya mwezi huu inaingia hadi kwenye mifupa, na ndiyo iliyonifanya nitoe vitenge sandukuni na kuanza mfarishi, yaani tandiko la vitambaa vilivyoungwa, wa kitanda cha futi tano kwa sita. Hesabu yake imenichukua majioni manne, na ninaiandika sasa kabla vipimo havijanitoka kichwani.

Mchoro ninaoutaka ni mraba mkubwa wenye miraba midogo tisa, mitano ya bluu na minne myeupe, ikipishana kama ubao wa drafti. Jioni ya kwanza nilikata miraba midogo mmoja mmoja na kuiunga. Hadi taa inazimwa nilikuwa na miraba mikubwa miwili tu, na hakuna pembe iliyokutana na mwenzake. Mama mdogo, aliyekuwa amepita kunijulia hali, aliigeuzageuza mkononi akaniuliza: "Mwanangu, uliwahi kumwona bibi yako akiunga mkeka kipande kwa kipande? Si alikuwa anasuka ukili kwanza, mpaka unakuwa mzigo, ndipo anaushona?"

Swali hilo lilinifungua macho. Kitambaa kinashonwa kikiwa bado kirefu, kisha ndipo kinakatwa. Waseminole, wenyeji wa asili wa Florida kule Marekani, waliopata cherehani za kuzungusha kwa mkono mwishoni mwa karne ya 19, walishika njia hiyo hiyo miongo michache baadaye: waliunga kanda ndefu za rangi mbalimbali, wakazikata kwa kukingama, wakavipanga upya vile vipande na kuvishona tena kuwa mapambo ya nguo zao.

Nikakaa na daftari. Kila mraba mdogo uonekane na upana wa sentimita 6, kwa hiyo ukanda unakatwa 7.5, kwa kuwa mshono unakula 0.75 kila upande. Kanda tatu zikiungwa kwa urefu wake, ninapata kile ninachokiita bendera. Bendera ya kwanza ni bluu, nyeupe, bluu. Ya pili ni nyeupe, bluu, nyeupe. Kila bendera inakatwa tena kwa kukingama, sentimita 7.5 kila kipande, na kila kipande kinatoka kikiwa na miraba mitatu ambayo tayari imeshonwa. Mraba mkubwa unahitaji vipande viwili vya bendera ya kwanza na kimoja cha pili katikati. Kitenge changu, baada ya kufuliwa na kuondolewa pindo, kina upana wa sentimita 112, hivyo bendera moja inatoa vipande 14. Mfarishi mzima ni safu 10 za miraba minane, nusu ikiwa hii ya miraba midogo tisa, ninayoiita tisa-tisa, na nusu mitupu ya kitenge cha maua. Miraba 40 ya tisa-tisa inadai bendera sita za kwanza na tatu za pili, yaani kanda 15 za bluu na 12 nyeupe.

Kwenye karatasi kila kitu kilikaa sawa. Kwenye cherehani, bendera iliyopaswa kuwa na upana wa sentimita 19.5 ilitoka 18.5. Niliipima mara tatu nikidhani futikamba imevutika, mpaka nilipoigeuza upande wa ndani na kuupima mshono wenyewe: ulikuwa sentimita 1 kamili. Robo sentimita ni kitu kidogo sana kwa jicho, lakini mishono ni miwili na kila mmoja unakula pande zote mbili, kwa hiyo robo nne zikawa sentimita nzima. Niliifumua yote. Kisha nilibandika plasta ya kidonda, tabaka juu ya tabaka, kwenye bamba la cherehani, milimita 7.5 kutoka kwenye sindano, na tangu hapo kitambaa kinatembea kikiegemea ukuta huo. Mshono wa pili ninauanzia upande ulikoishia wa kwanza, maana nikishona yote kwa mwelekeo mmoja bendera inapinda kama upinde.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni pasi. Kila mshono ninaulaza upande wa bluu, ili bluu isionekane chini ya nyeupe. Kwenye bendera ya kwanza bluu iko pembeni, kwa hiyo mishono inalala kuelekea nje. Kwenye ya pili bluu iko katikati, nayo inalala kuelekea ndani. Nikivikutanisha vipande viwili uso kwa uso na kupitisha kidole gumba, ninahisi kivimbe kimoja kikisukuma kingine mpaka vinashikana, na hapo hata pini siihitaji. Nikifunua, pembe nne zimekutana katika nukta moja.

Leo bendera moja ya kwanza imetoa miraba saba, yote ya sentimita 19.5. Vipande saba vya bendera ya pili vimebaki kwenye sahani kando ya cherehani, na kanda za bluu za kesho nimeshazichora kwa chaki.