Siku Sita Kati ya Mtihani na Ripoti

Mtihani wa muhula ukiisha Alhamisi na shule ikifungwa Ijumaa ya wiki inayofuata, zinabaki siku sita za shule ambazo hazina mwenyewe. Walimu wamezama kwenye kusahihisha. Wanafunzi wanafyeka, wanafagia, wanacheza rede na mpira, na ikifika Jumatano nusu ya darasa haionekani tena. Kisha, siku moja kabla ya kufunga, linakodiwa basi la ziara. Watoto wanarudishwa jioni wakiwa hoi, kesho yake wanapewa ripoti na kutawanyika. Walichokiona kinaishia kwenye picha za simu ya mwalimu.

Safari iwe Jumanne. Ijumaa na Jumatatu ni za kuiandaa, Jumatano na Alhamisi ni za kuifanyia kazi. Tena Jumatano inakuwa akiba ikiwa mvua itaharibu mpango, na kwa Tanga hilo si jambo la kupuuza: kufunga kwa Juni kunaangukia mkia wa masika, kufunga kwa Desemba kunaangukia vuli. Nachukua mfano wa darasa la tano la wanafunzi 52 mjini Tanga, kwa sababu huko sehemu mbili nzuri za kwenda ziko karibu: mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji kwa barabara ya Horohoro, na magofu ya Tongoni, kama kilomita 17 kusini kwa barabara ya Pangani.

Kila kamati ikikaa, yupo atakayesema twende kote kuwili siku hiyohiyo, maana ni karibu. Kwa kilomita, ana haki. Lakini kinachokula muda ni mlango wa pango. Ndani kuna njia ambazo mtu mzima hupita ameinama, na kundi likizidi watoto 13 au 14, wale wa nyuma hawamsikii mwongozaji, wanabaki kusukumana gizani. Watoto 52 ni makundi manne. Kila kundi nusu saa, tayari saa mbili zimekwenda. Ongeza chakula dakika 45. Ongeza choo: matundu mawili, watoto 52, dakika mbili kila mmoja, ni dakika 52 wakienda wote kwa mkupuo. Ongeza kupanda na kushuka kwenye gari. Siku imeisha, na Tongoni mtaiona kupitia dirishani. Chagueni moja, nyingine iwe ya muhula ujao.

Tuseme mmechagua Amboni. Kazi inaanza Ijumaa darasani, siku nne kabla.

Mapango yale ni ya mawe ya chokaa yenye umri wa takriban miaka milioni 150. Mvua hubeba kaboni dioksidi kutoka hewani na kwenye udongo, ikawa asidi dhaifu, ikaila chokaa polepole. Yale maji yakidondoka ndani ya pango, gesi hutoka na chokaa hubaki, chembe kwa chembe, mpaka jiwe linaning'inia darini na jingine linachomoza sakafuni. Mtoto akiambiwa hivyo palepale pangoni ataitikia tu. Akiwa ameshaviona vitu viwili kwenye meza ya darasa, ataanza kuuliza.

Cha kwanza ni povu. Kamua ndimu juu ya kipande cha tumbawe au gamba la chaza: litachemka vipovu vidogo, hiyo ndiyo gesi inatoka. Weka ganda la yai kwenye siki, kesho yake limelainika au limekwisha. Hapa walimu wengi hujikwaa kwa kutumia chaki ya ubaoni, wakingoja povu lisilokuja. Chaki nyingi za siku hizi ni jasi, siyo chokaa, na jasi haitoi povu. Kwa upande mwingine kosa hilo ni somo zuri, ukilifanya makusudi: weka chaki na tumbawe pamoja, waache wenyewe waone kipi kinachemka.

Cha pili ni jiwe la kuning'inia la kutengeneza. Bilauri mbili za maji moto, koroga soda ya kuokea au magadi mpaka yagome kuyeyuka na mengine yabaki chini. Chukua utambi wa jiko la mafuta wa kama sentimita 40, ulowanishe, chovya ncha moja kila bilauri na uache katikati ulegee kama kamba ya kuanikia nguo, sahani chini yake. Ndani ya siku tatu hadi saba chumvichumvi hujijenga pale palipolegea. Mambo yanayoharibu ni matatu. Uzi wa nailoni haunyonyi maji. Utambi ukilegea mno, maji yanakimbia na kufanya dimbwi kwenye sahani badala ya kudondoka. Na hewa ya pwani ina unyevu, hivyo bilauri zikiwekwa kwenye kabati la mwalimu hakuna kitakachokauka. Ziwe dirishani, penye upepo, mbali na wanaopita. Anzisha seti tatu, moja itapinduliwa.

Jumatatu ni ya mazoezi ya kutembea na kuhesabiana. Usicheke. Kila mtoto apewe namba yake, 1 hadi 52, na kundi lake la watu 13 lenye mtu mzima mmoja. Kuhesabu vichwa ndani ya gari hakuaminiki, kwa kuwa watoto hawatulii na walimu wawili hupata majibu mawili. Kumwita kila mmoja ataje namba yake huchukua dakika moja na nusu darasa likizoea, na namba isiyosikika unajua mara moja ni ya nani. Mnahesabu kabla ya gari kuondoka, mkishuka, kila kundi likiingia na likitoka pangoni, baada ya kula, na kabla ya kurudi. Swali la "Tupo wote?" lipigwe marufuku, kwa sababu jibu lake ni "Ndiyooo!" hata wakiwa arobaini.

Sasa gari. Watu wazima wanne wa makundi, mmoja wa kubaki na walio nje, na kiongozi wa safari asiye na kundi: jumla sita. Pamoja na watoto ni 58. Kosta nyingi zina viti kati ya 25 na 30, kwa hiyo Kosta mbili zinaweza kutosha au zikapungua hata kwa viti vinane, na hapo ndipo utakaposikia "watoto hubebana tu, mwalimu". Nenda uhesabu viti kwa kidole kabla ya kulipa chochote, na vile vya kukunja vya katikati usivihesabu, vinaziba njia ya kutokea. Angalia matairi, bima na leseni ya dereva, halafu mkubaliane kwa maandishi kwamba gari linabaki na nyinyi mpaka mwisho. Wapo madereva wanaowashusha watoto, wakaenda kubeba abiria, wakarudi saa kumi na mbili.

Fedha huharibikia kwenye kugawanya. Gari likiwa, kwa mfano, shilingi 440,000, mwenye haraka atagawa kwa 52 na kutangaza 8,500. Wakilipa 44 tu, kuna upungufu wa zaidi ya 60,000, na utatoka mfukoni mwa mwalimu. Gawa kwa 44, yaani asilimia 85 hivi ya darasa, tangaza 10,000 ya gari, na juu yake kiingilio na chakula. Kitakachozidi kiwabebe wale ambao nyumbani hakukupatikana. Orodha ya waliolipa ikae kwa mtu mmoja, isisomwe mbele ya darasa. Barua ya ruhusa ianze safari yake kwa Afisa Elimu Kata mwezi mzima kabla, na fomu ya mzazi iwe na mistari mitatu tu ya maana: namba ya simu itakayopatikana siku hiyo, ugonjwa wa mtoto (pumu hasa, kwa ajili ya vumbi na kinyesi cha popo), na sahihi.

Chakula: chapati, yai la kuchemsha, ndizi, chungwa. Wali wa nazi uliopikwa usiku kwa watu 58 huchacha kabla ya adhuhuri, hata kama jamvi la safari bila wali halinogi. Soda iachwe, inamwagika na kuita nyuki. Maji ni lita moja na nusu kwa kila mtu, lita 87, basi beba madumu matano ya lita 20. Anayetapika garini akae mbele na awe amekula kitu kikavu asubuhi, siyo chai ya maziwa. Mifuko ya plastiki imekatazwa tangu Juni 2019, kwa hiyo bebeni makopo mawili yenye mifuniko na mchanga kidogo ndani yake. Kwenye sanduku la huduma ya kwanza pasikosekane chumvi ya kuongeza maji mwilini, pakiti nzima kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, isigawanywe kwa kukisia.

Pangoni penyewe: viatu vya kufunga, siyo ndala, maana sakafu huteleza baada ya mvua. Tochi moja kwa watoto watatu, mtu mzima mbele, mtu mzima nyuma. Simu siyo tochi, itazima kundi la tatu likiwa katikati. Mawe yanayoning'inia hayaguswi, kwa kuwa mafuta ya kiganja hubaki juu ya jiwe na chokaa mpya haishiki vizuri tena. Popo na kinyesi chao haviguswi kabisa, na ndimu ya jaribio la Ijumaa ibaki shuleni. Mtoto akiogopa giza, asisukumwe wala asitaniwe. Ana kazi nje ya kuchora mlango wa pango na mizizi ya miti iliyoshika mwamba.

Makundi yaliyo nje ndiyo yanayoamua kama safari ni shule au ni matembezi. Wakiachwa, wataliza kila mtu. Kila kundi liwe na kazi ya nusu saa: kuchora, kupima kwa futi kamba, kuokota majani yaliyoanguka ya aina tano tofauti. Kadi ya kazi iwe nusu ukurasa, imebanwa kwenye kipande cha boksi kwa kibanio cha nguo, na iandikwe kwa penseli, kwani wino hutapakaa kwenye mikono yenye jasho. Maswali matatu yanatosha. Yakiwa ishirini, mmoja anaandika na 51 wananakili.

Mwongozaji atasimulia kwamba pango linafika Mombasa. Ni hadithi ya siku nyingi na ina utamu wake, haina haja ya kumkatiza. Iandike tu kwenye kadi kama swali la nne la hiari: tungejuaje kama ni kweli?

Waliochagua Tongoni wana kazi nyingine kabisa. Pale kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, mengi nguzo zake zimeanguka, yote ya tumbawe na chokaa. Haipandwi juu, tumbawe linameguka. Urefu wa ukuta upimwe kwa kivuli: simika fimbo ya mita moja, pima kivuli chake na cha ukuta muda uleule, gawanya cha ukuta kwa cha fimbo, jibu ni urefu kwa mita. Fanyeni kabla ya saa nne. Adhuhuri ya Juni kivuli cha fimbo hiyo ni kama nusu mita tu na kinaelekea kusini. Desemba ni theluthi ya mita na kinaelekea kaskazini, na kosa la sentimita mbili kwenye kivuli kifupi linaufanya ukuta urefuke au ufupike vibaya.

Kwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, pwani hii ya Mtangata ndiko Vasco da Gama alikoichoma moto moja ya meli zake, São Rafael, Januari 1499 akirudi kutoka India. Mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu, wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Hadithi hiyo isimuliwe wakati wa kula, watoto wakimenya machungwa ya Muheza. Vitamini C haihitaji ubao hapo.

Mkitaka pia kushuka ufukweni, angalieni mwezi kwanza. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na kila siku husogea mbele kwa kama dakika 50. Maji yakianza kurudi, watoto wawe wameshapanda juu.

Ikiwa mvua haikuahirisha safari, Jumatano hakuna kusafiri wala insha ya "Safari Yetu" inayoanza na "Tuliamka alfajiri". Kila kundi linachagua kitu kimoja walichokiona na kukitengeneza: ramani ya njia, sura ya pango kwa udongo wa mfinyanzi, jedwali la vivuli, bilauri za utambi pamoja na maelezo ya kwa nini moja haikufanikiwa. Mwalimu asishike kalamu ya manila. Herufi zikipinda zipinde. Alhamisi wanaelezeana, na anayesikiliza lazima aulize swali moja.

Ijumaa wazazi wanakuja kuchukua ripoti. Panga madawati manne kati ya geti na mlango wa darasa, kila moja na watoto watatu wanaopokezana kila dakika kumi, ili mzazi asiifikie ripoti kabla ya kupita hapo. Anayekariri utamjua: mkatishe kwa swali, ataanza upya kutoka mwanzo. Huyo mpe kazi ya kukamua ndimu. Mikono ikishughulika, maneno huja yenyewe. Ndimu kumi zinatosha asubuhi nzima, na bilauri zirudishwe jikoni zikiwa zimeoshwa.