Hajiri alikuwa akikimbia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nilitaka kuwaletea Zaburi ya 42, pale kilindi kinapokiita kilindi kwa sauti ya maporomoko ya maji. Nilikuwa na mambo matatu ya kusema, na picha za kuyasindikiza, kwa kuwa mwishoni mwa Aprili nilikuwa kwenye maporomoko ya Kiubo. Lakini tangu Jumanne usiku neno moja la mtoto limenikaa kifuani, nami siwezi kuandika jingine kabla sijalisema hilo.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu. Bukari, yaani ugali, ya nyumbani inatoka kwenye picha za ndoa, za ubatizo na za matanga hapa Lubumbashi. Moyo wangu lakini uko porini. Kwa miaka mingi, kila nilipopata siku mbili za nafasi, nilifunga mfuko wa kamera nikaondoka: Kundelungu, Mwadingusha, mapito ya miombo ambako majani machanga ya mwezi wa tisa huwa mekundu kama shaba. Maporomoko ya mto Lofoi nimeyapiga picha katika majira yote. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimejaa, maji yanaacha ukingo wa uwanda wa juu na kushuka zaidi ya mita 300 bila kugusa kitu. Mwezi wa tisa yamebaki uzi tu, nao upepo unaupeleka huku na huku. Mmeziona picha hizo kanisani, na nyinyi wenyewe mmeniambia mara nyingi kwamba zimewafanya mmtukuze Mungu. Nami nilifurahi, maana ndiyo niliyoitaka.

Safari ya Kiubo, kwa mara ya kwanza, niliichukua nyumba yangu yote: mke wangu, wavulana wetu wawili na binti yetu mdogo, ambaye ana miaka 6. Tulikwenda kwa lami hadi Likasi, katikati ya malori ya madini, kisha tukaingia barabara ya udongo ya kwenda Mitwaba, yenye madimbwi ambayo jua la Aprili lilikuwa halijayamaliza. Watoto walitapika, wakalala, wakaamka, wakauliza kama tumefika. Tulipofika walinyamaza wote. Kiubo ni mto Lufira mzima unaoanguka, mita 60 hivi kwenda chini na mapana makubwa, na maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ndani yake yamo pia maji ya Lofoi, maana Lofoi humwagika Lufira, na Lufira huingia Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo wenyewe, unaokwenda mpaka baharini. Kijana wangu mkubwa alinisikiliza nikimweleza hayo, akatupa jani mtoni, akalisindikiza kwa macho hadi likapotea.

Asubuhi yake niliamka kabla ya jua. Nilisimamisha miguu mitatu ya kamera juu ya mwamba mkavu, nikauning'iniza mfuko wenye mawe katikati ili mtetemo wa maji usiitikise. Mbele ya lenzi nikafunga kioo kile cheusi. Kazi yake ni kupunguza mwanga, ili mlango wa kamera ukae wazi kwa muda mrefu, sekunde 30 kwa mfano, na maji yanayokimbia yatoke laini kama pamba. Kila baada ya picha mbili matone yanajaa kwenye kioo, unayafuta kwa kipande cha kitenge kikuukuu, unaanza tena. Ni kazi inayomeza akili yote ya mtu.

Nikiwa katika sekunde hizo 30, binti yangu akapita mbele. Mama yake alimtuma aniletee chupa ya maji. Alikuwa anaruka mwamba hadi mwamba, mbali na maji, viatu mkononi, kitambaa cha njano kichwani. Akasimama pembeni yangu akasema, "Papa, umenipiga picha?" Nikamwambia, "Ndiyo." Nilisema ili anyamaze. Sikuwa nimemtazama.

Sasa Jumanne usiku umeme uliporudi nilifungua picha hizo kwenye kompyuta. Akaja kwa mbio na nguo ya kulalia, akapanda gotini. Tukaipata ile picha. Maporomoko yalikuwa mazuri ajabu. Kila mwamba ulionekana, hata ufa wa mwamba, hata kijani cha ukoga pembeni. Akasogeza uso mpaka karibu na kioo, akapitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, mahali pale pale alipopita.

"Papa, mimi niko wapi?"

Nikamweleza vile kamera inavyofanya. Nikamwambia kwamba mlango ukikaa wazi muda mrefu, kitu kilichotulia kinaandikwa, lakini anayepita upesi haachi kitu. Mwanga wake ni mdogo mno, mwamba ulio nyuma yake unamfunika. Alinisikiliza vizuri, kama anavyosikiliza shuleni. Kisha akauliza: "Basi ningesimama, ungeniona?"

Wapendwa, mtoto alikuwa anatafuta kosa lake.

Sikulala usiku ule. Saa nane nilichukua Biblia, nikaangukia Mwanzo 16, habari ya Hajiri, ambayo tunaijua sote tangu shule ya Jumapili. Lakini sikuwahi kuangalia kwamba Hajiri alikuwa mbioni. Alikuwa mjamzito, ametoroka mateso ya Sarai, yuko katika njia ya Shuri akielekea kwao Misri. Nyumba ya Abramu ilikuwa nyumba ya ahadi, nyumba ya madhabahu, nyumba ya mtu aliyeitwa na Mungu kwa jina. Na katika nyumba hiyo hiyo alikuwamo mtu ambaye hakuna aliyemwona. Abramu na Sarai wanaposema habari zake, wanasema "mjakazi". Jina lake hawalitaji. Ni malaika wa Bwana, pale kwenye chemchemi ya maji, anayemwita, "Hajiri," halafu anamwuliza unatoka wapi na unakwenda wapi. Ndipo mwanamke huyu akampa Mungu jina: Wewe Mungu uonaye mimi.

Mungu hakumngoja Hajiri atulie ndipo amwone. Alimwona akiwa anapita. Alimwona na vumbi lake na hasira yake na tumbo lake, katika mwendo. Hilo ndilo lililonivunja saa nane ya usiku, mimi ninayejua kuona kwa ufundi, mimi ninayeweza kukaa saa tatu nikingojea mwanga uguse maji. Nimewaona ndege wa Lufira kuliko nilivyowaona watoto wangu.

Niruhusuni niseme jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Miaka minne iliyopita nilitoa ushuhuda kanisani, niliporudi kutoka Lofoi. Nilionyesha picha kubwa, nikasema juu ya utukufu wa Mungu, mkapiga makofi na kigelegele. Mke wangu alikaa safu ya tatu. Hakupiga makofi. Kile ambacho sikuwaambia siku ile ni kwamba nilipokuwa kule juu, ambako simu haishiki, kijana wetu wa pili alishikwa na malaria ya kichwa. Mama yake alimfunga mgongoni usiku, akapanda pikipiki peke yake kwenda hospitali. Niliposhuka, simu iliposhika, nilikuta ujumbe wake 11. Wa kwanza ulisema, "Papa, mtoto ana homa." Wa mwisho ulisema, "Mungu amesaidia." Nilimshukuru Mungu, nikamwomba mke wangu msamaha nusu nusu, yaani nilisema pole, halafu nikaeleza kwamba nilikuwa katika kazi ya Bwana. Na Jumapili nikasimama mbele yenu.

Neno la Wimbo Ulio Bora linasema: waliniweka niwe mlinzi wa mashamba ya mizabibu, bali shamba langu mwenyewe sikulilinda. Zamani niliusoma mstari huu kama malalamiko ya msichana aliyechomwa na jua. Sasa nausoma kama hati ya mashtaka, na jina langu limo.

Tena si langu peke yangu, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe, nasema kwa upendo. Ndugu mwimbaji, jioni nne kwa juma uko kwenye mazoezi ya kwaya, na mwanao anaijua sauti yako kwa njia ya spika. Mama mwombezi, unakesha Ijumaa, unakesha Jumatano, unabeba mizigo ya watu usiowajua kwa majina, na binti yako wa miaka 14 ana mzigo ambao amemwambia jirani kwa sababu wewe ulikuwa umefunga, hukutaka kusumbuliwa. Mtumishi wa Mungu, unapokea simu ya kila mtu mezani, sombe, mboga ya majani ya muhogo, inapoa, watoto wanakula wakiangalia mkono wako ulioshika simu. Tusiseme ni shetani anayewavuta watoto wetu nje ya kanisa. Kuna watoto wametoka kwa sababu kanisa lilikuwa ndilo lililomchukua baba. Eli alikuwa kuhani. Alimfundisha Samweli, mtoto wa mwanamke mwingine, jinsi ya kuisikia sauti ya Bwana, na wanawe mwenyewe wakaangamia.

Sisemi habari ya baba aliye Kolwezi kwenye mgodi, anayerudi nyumbani baada ya majuma kwa sababu hakuna kazi nyingine. Huyo hana hiari, na watoto wake wanajua hivyo. Simu yake ya jioni ni mkate kwao. Nasema na sisi tulio na hiari. Nasema na mimi, niliyeondoka nyumbani Jumamosi baada ya Jumamosi, nikaupa uondokaji wangu jina la ibada.

Paulo hakumung'unya maneno alipomwandikia Timotheo: asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Nilidhani kutunza ni unga na ada ya shule. Hivyo vimo, na hapa Lubumbashi kuvipata si jambo dogo. Lakini Hajiri hakukosa chakula kwa Abramu. Alikosa mtu wa kumwona.

Na watoto hawasimami, ndugu zangu! Hawasimami kamwe. Wanapita mbele yetu kwa mbio, viatu mkononi, na sisi tumefungua mlango kwa kitu kingine kikubwa na kizuri. Tukija kuangalia, miamba yote iko, na wao hawamo. Usimwambie mtoto asimame. Wewe ndiye wa kusimama. Bwana wetu alipokuwa akitoka Yeriko na umati, Bartimayo akapaza sauti kando ya njia, na Maandiko yanasema Yesu akasimama. Alikuwa anakwenda Yerusalemu, kwenye msalaba, kwenye kazi iliyo kubwa kuliko kazi zote, akasimama kwa kipofu mmoja wa barabarani.

Kuhusu Zaburi ya 42 nitasema neno moja tu: mwandishi wake aliyasikia maji hayo akiwa mbali na nyumba ya Mungu, akilia. Na kuhusu miti ya miombo inayokatwa kwa makala, yaani mkaa, kando ya barabara yote hadi Likasi, nina neno zito, tutalisema juma jingine Bwana akipenda.

Jumatano asubuhi nilimwita binti yangu kabla hajaenda shule. Nilipiga magoti ili macho yetu yawe sawa. Nikamwambia, "Kosa halikuwa lako kwa sababu ulikimbia. Kosa ni la Papa, nilisema nimekuona, na sikukuona." Alifikiri, akasema, "Basi nipige sasa." Nikachukua kamera. Sikuleta miguu mitatu wala kioo cheusi. Alikimbia kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, nikafungua mlango wa kamera kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Picha haikutoka vizuri kwa hesabu ya fundi: mguu mmoja umekatwa, mwanga wa asubuhi umemchoma shavu, ndala moja iko hewani nyuma yake. Lakini yupo, na mdomo umefunguka kwa kicheko.

Mke wangu ameiona picha hiyo. Aliishika muda mrefu bila kusema, akairudisha mezani. Ule msamaha wa nusu nusu wa miaka minne bado uko kati yetu, na ule ujumbe 11 sijaufuta, uko kwenye simu ya zamani ndani ya sanduku. Nimeichaji betri yake leo mchana, imewaka. Usiku huu, watoto wakishalala, nitakaa naye niusome mmoja mmoja mbele yake, na safari hii sitaeleza kitu.

Niombeeni.