Mlango Uliokatwa Shubiri Moja

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Neno la juma hili ni Mwanzo 26, kuanzia mstari wa 12 mpaka wa 25. Lisomeni lote kwanza, bila haraka, kisha rudini kwenye mstari wa 18, maana hapo ndipo nilipokwama tangu Jumatatu. Isaka anavichimba tena visima vilivyochimbwa siku za baba yake Ibrahimu, visima ambavyo Wafilisti walivifukia baada ya mzee kufariki. Na akishavichimba, anaviita majina yale yale aliyoviita baba yake.

Nyumbani kwa mjomba wangu, hapa kwetu Masasi, mlango wa jikoni ni wa mbao ya mninga, mzito, unaonekana wazi kwamba haukutengenezewa jiko. Ukiinama utaona chini pale msumeno ulipopita, na ulipita vibaya, upande mmoja juu kidogo, mwingine chini. Mlango huo babu aliuchonga kwa mkono wake kwa ajili ya nyumba yake ya zamani, kule tunakokuita mahame. Siku walipohamishwa mjomba alikuwa kijana asiye na ndevu bado. Yeye na kaka yake waliubeba kichwani mwendo wa saa mbili, mvua ikinyesha. Walipofika kijijini, fremu ya nyumba mpya ilikuwa fupi. Mlango ukakatwa shubiri moja. Mjomba huniambia, "Mpwa wangu, babu yako hakulia alipoiacha mikorosho. Nyumba ilipoezuliwa hakulia. Alilia siku ile ya msumeno."

Vijana wetu hawaijui miaka ile, na sisi tuliosimuliwa na wazazi tumezoea kuitaja kwa neno moja tu, "operesheni", halafu tunanyamaza. Tarehe 6 Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, ni amri. Huku kusini hamahama ilianza mapema kuliko sehemu nyingi nyingine, kwa sababu ng'ambo ya Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vikiendelea tangu 1964, FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea, na watu wa mpakani walikusanywa kwa ajili ya usalama wao. Kufikia 1977 serikali ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 nchi nzima wakiishi katika vijiji. Na si makazi peke yake yaliyobadilika. Shule za misheni zilichukuliwa kwa sheria ya elimu ya 1969. Serikali za mitaa zilifutwa 1972. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa 1976. Mwaka 1978 ikaja vita ya Kagera, na vijana wetu wakaenda. Mambo yote hayo katika muda wa mtoto mmoja kuzaliwa na kumaliza shule ya msingi.

Sitaki mtu asome chuki hapa. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma Biblia hii katika shule ya kijiji ambayo isingejengwa kama watu wangebaki wametawanyika porini, kila ukoo na kichaka chake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilifundisha watu kuchimba vyoo, na kuna watoto walioishi kwa sababu hiyo. Mmakonde, Mmakua, Myao na Mmwera wanaoana leo bila mtu kuinua nyusi, na miaka ile ina sehemu yake katika jambo hilo. Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa sala. Miaka ya 1980 alikiri wazi kwamba kuzifuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika yalikuwa makosa. Mtawala anayesema "nilikosea" nami namvulia kofia, na namwombea.

Lakini nia njema haizuii kisima kufukiwa.

Wengi wakizungumzia hasara ya miaka ile hutaja korosho, na ni kweli. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishwa mbali na mashamba yao, bei ilikuwa mbaya, ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiriunga ukaingia, mikorosho ikawa pori. Hata hivyo korosho zilirudi. Msimu wa 2017/18 zilivuka tani 300,000. Mti ukiupalilia na kuupuliza salfa unakurudishia shukrani. Ninachokiombolezea mimi ni kile ambacho hakina salfa.

Kule mahame, watu wa bibi mmoja walikaa mahali ambapo mtu akiita anasikika. Mjomba aliona nani anarudi na nini mkononi. Kwetu sisi tunaofuata upande wa mama, neno la mjomba ndilo lililokuwa likimaliza ugomvi wa mume na mke, ndilo lililomwambia kijana "huyu usimwoe" na akasikia. Neno hilo lilikuwa na mahali pake: chini ya mwembe fulani, karibu na makaburi fulani, mbele ya watu wanaojuana mpaka vidonda. Walipopangwa kwenye mistari, jirani akawa yule aliyepangiwa kiwanja cha pili. Ugomvi ukapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, kutoka hapo kwa mwenyekiti. Wazee wakajifunza kunyamaza.

Na kuna jambo mjomba alinieleza mara moja tu, hajalirudia. Siku ya kuhama, mgambo mmoja, kijana mdogo, alimwamuru babu atoke ndani, akamwita "wewe mzee" mbele ya wajukuu zake, akamhesabia mpaka kumi. Babu akatoka. Wajukuu walikuwa wamesimama pale pale, wanatazama. Mtoto aliyeona hivyo hakuhitaji kufundishwa dharau. Alijua kuanzia siku ile kwamba mtu mzima anaweza kuamrishwa na mwenye bunduki, na kwamba heshima ya mvi haina nguvu yoyote mbele ya amri iliyotoka juu. Watoto wale ndio babu na bibi wa leo. Tunashangaa mbona hawakemei?

Kingine walichojifunza ni kusubiri. Shamba la kijiji lililimwa ukisikia kengele, si ukiona mvua. Bwana shamba akisema panda, unapanda. Lori la chakula likija, unapanga foleni. Mpaka leo tunaishi hivyo. Bomba likikatika tunasubiri mradi, na paa la kanisa likivuja tunasubiri mfadhili, wakati washarika wenyewe wana baiskeli, pikipiki na korosho za kutosha. Mwezi wa nane baba anauza korosho za watoto wake kwa walanguzi, ile biashara tunayoiita kangomba, kwa bei ya kutupa, zikiwa bado mtini. Hamna mjomba wa kumuuliza, naye haoni sababu ya kuuliza. Cha wote kilipokuwa hakina mwenyewe, hata cha nyumbani kilijifunza tabia hiyo hiyo.

Hapa nikae kidogo kwenye jando, kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi. Umisheni ulipofika Masasi 1876, na watu waliokombolewa utumwani wakiwa na Askofu Steere, ulikuta jando na unyago. Wamisionari wengi mahali pengine waliona ushenzi mtupu. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi, iliyoanzishwa 1926, alifanya jambo la hekima. Hakulitupa. Aliondoa yasiyofaa, akaacha pori, akaacha wazee, akaacha nyimbo na mafundisho, akaingiza sala na msalaba. Wavulana waliingia kambini watoto, wakatoka wakijua namna ya kumsalimu mkwe, namna ya kunyamaza mkubwa anapoongea, namna ya kuishi na mwanamke bila kumdhalilisha, na tena wakiijua Imani ya Mitume. Alilolifanya ni kama la Isaka: alichimba kisima kile kile, akakiacha na jina lake.

Leo jando ni siku chache za likizo ya mwezi wa sita. Watoto wa miaka saba wanavishwa miwani ya jua na kupandishwa kwenye pikipiki, spika zimewashwa tangu alfajiri, pombe imejaa. Fundisho liko wapi? Nimemuuliza mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa jando zamani. Akaniambia, "Wanangu wananiita nije kupokea soda. Kufundisha hawaniiti." Sisemi yote hayo yametokana na operesheni. Ratiba ya shule ina sehemu yake, simu zina sehemu yake, na fedha za msimu wa korosho zina sehemu kubwa sana. Lakini fundisho lilikuwa na pori lake na watu wake, na vyote viwili vilivunjwa mwaka mmoja. Kijijini, ilipofika zamu ya kulipanga upya, ilikuwa rahisi kuileta ngoma na kuliacha fundisho nyuma mahame. Ngoma inabebeka.

Na sasa nalisema letu, sisi wa kanisa, maana hukumu huanza nyumbani mwa Mungu. Shule zetu zilipochukuliwa, tulisikitika, na kwa haki. Wazazi wetu walizijenga kwa mawe waliyoyabeba kichwani. Ila serikali ilichukua majengo na mitaala. Haikuchukua sala ya jioni. Haikumkataza mama kumfundisha mtoto Amri Kumi wakati anapukuchua mahindi. Hayo tuliyaacha wenyewe, kana kwamba nayo yameandikwa kwenye sheria ile. Tulizoea mwalimu wa shule ya misheni kutufundishia watoto, na alipoondoka tukakaa kusubiri mwingine aletwe. Kisima hicho hakuna Mfilisti aliyekifukia. Tulikiacha wazi, mchanga ukaingia kidogo kidogo, mvua baada ya mvua.

Rudini kwa Isaka. Nimemtazama sana juma hili, na jambo linalonigusa ni kwamba hapotezi siku hata moja kulalamika juu ya waliofukia. Wangeweza kumweka miaka mingi kwenye kesi. Abimeleki na watu wake wanakuja wenyewe baadaye, na hapo ndipo anawauliza kwa upole, mbona mmenijia, nanyi mnanichukia? Kabla ya hapo, yeye anachimba tu. Wanamgombania kisima kimoja, anakiita Eseki, anasogea. Wanamgombania cha pili, anakiita Sitna, anasogea. Cha tatu hawagombani, anakiita Rehobothi, Bwana ametufanyia nafasi. Visima vya baba yake anavifukua, na bado watumishi wake wanachimba kipya bondeni, wanapata maji yanayobubujika. Angekaa kwenye vya zamani peke yake, asingefika Rehobothi. Angeanza na vipya peke yake, asingejua hata kuchimba kunafanywaje.

Tena yale majina. Kwa nini ahangaike na majina? Maji ni maji. Nadhani Isaka alijua kwamba kisima kisicho na jina la mzee aliyekichimba, mtoto atakifukia mwenyewe siku akikosa mahali pa kutupa taka.

Tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, nilikwenda mahame na mjomba. Tulichukua mapanga na maji ya kunywa, na binti yangu wa darasa la sita akatufuata. Mwembe upo, mkubwa, mbibo zimeota chini yake bila mpango. Makaburi tuliyatambua kwa mawe. Mjomba alivua kofia, tukasali Baba Yetu na sala ya marehemu. Kisha akatupeleka kwenye bonde dogo chini ya mlima wa mawe, akapiga panga kwenye majani mpaka likagonga jiwe. Ukingo wa kisima, umejaa udongo mpaka juu. Akakitaja kwa jina, jina la bibi yake aliyekichimba akiwa na mimba ya babu. Binti yangu akageuka haraka, kwa sababu ni jina lake yeye. Alidhani anaitwa. Hajawahi kuambiwa limetoka wapi, na hilo ni kosa langu, si la operesheni yoyote.

Tumekubaliana na mjomba kurudi Jumamosi hii. Majembe ninayo mawili, kamba na ndoo ataleta yeye. Nimewaomba na vijana watatu wa kwaya, wale waliopita jando la spika mwaka jana, waje kusaidia, na mjomba amesema wakati wa kupumzika atakuwa na maneno ya kuwaambia. Hakuna mradi, hakuna posho. Tutakula muhogo wa kuchoma.

Binti yangu ameuliza kama maji bado yapo kule chini. Mjomba amemjibu kwamba wakati wa bibi yake walichimba urefu wa watu wawili ndipo yakatoka, na kwamba hana habari ya maji kuhama.

Tuombe. Ee Mungu wa Ibrahimu na wa Isaka, wasamehe waliofukia, na utusamehe sisi tulioacha wazi. Wape wazee wetu sauti tena, nasi masikio. Ubariki mikono Jumamosi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.