Kusimika WordPress kwa mkono ukiwa na mega chache

Seva niliyokodi, mashine ya kubeba tovuti, iko Ufaransa, mimi niko Katuba, Lubumbashi, na kati yetu kuna simu inayogawa intaneti kwa mega za kununua. Ndiyo maana sikutaka kufuata maelekezo yale ya kila siku: pakua WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kwenye kompyuta yako, fungua zipu, kisha pandisha kila kitu kwa FTP, njia ya kupeleka faili kwenye seva. Zipu yenyewe ni megabaiti 20 na kitu, unaweza kuivumilia. Shida ni kwamba ikifunguliwa inamwaga maelfu ya faili ndogondogo, na FTP inazipeleka moja moja, kila moja na kubisha hodi kwake na kuaga kwake. Umeme ukikatika katikati, hujui ipi imefika nzima na ipi imefika nusu.

Kazi ilikuwa ya baba mmoja fundi wa shaba, wale wanaogonga bamba kwa nyundo mpaka litoe picha ya twiga au ya mama anayetwanga. Alitaka kazi zake zionekane nje ya Katanga. Kifurushi cha seva tulichomudu, tulichokilipia kwa kadi ya binamu yangu, kilikuwa na cPanel, paneli ya kusimamia seva kwa kivinjari, lakini hakikuwa na kile kitufe cha kusimika programu kwa kubofya mara moja. Sikusikitika. Kitufe kile kinakuficha vitu vilipo, na siku tovuti ikigoma huna pa kuanzia.

“Sasa ile mashine iko fasi gani?” mzee aliniuliza.

“Iko Ufaransa, papa.”

“Na kule umeme ikikatika?”

“Wana jenereta.”

“Njo maana banatulipisha mu dola.”

Wazo la kuikwepa FTP nililitoa kwenye SPIP, mfumo wa Wafaransa wa kuendeshea tovuti uliotoka mwaka 2001. Ukisimika SPIP unaweza kupandisha faili moja tu, spip_loader.php, ukaifungua kwenye kivinjari, nayo ikaenda yenyewe kuvuta zilizobaki. WordPress nayo, kama SPIP, imeandikwa kwa PHP, lugha ya programu zinazoendeshwa na seva, kwa hiyo nikaona hakuna kinachozuia ivutwe vivyo hivyo. Niliandika faili ya mstari mmoja, nikaiita vuta.php:

<?php copy('https://fr.wordpress.org/latest-fr_FR.zip', 'wp.zip');

Nikaiweka ndani ya public_html, folda ya seva inayobeba faili za tovuti, nikaita anwani yake kwenye kivinjari. Ukatokea ukurasa mweupe, hauna hata neno. Lakini kurudi kwenye folda, wp.zip imekaa pale. Seva kwa seva wamepeana mzigo wote, na mega zangu karibu hazikuguswa. Hii inafanya kazi pale tu mwenye seva aliporuhusu allow_url_fopen, yaani PHP kuvuta faili kutoka anwani za nje. Wengine wameifunga, na hapo itabidi upandishe zipu mwenyewe, nzima, kisha uifungulie hukohuko. Hata hivyo ni nafuu kuliko faili maelfu. Vuta.php niliifuta papo hapo.

Zipu sikuifungua saa ileile. WordPress iliyofunguliwa bila kumaliziwa ni mlango ulio wazi: yeyote anayefika kwenye ukurasa wa kusimika kabla yako anaweza kuielekeza kwenye hifadhidata yake na kujifanya msimamizi, na zipo roboti zinazozunguka kutafuta tovuti mpya za namna hiyo. Mtaani kwetu umeme hauagi ukiondoka, kwa hiyo nilitaka kwanza kila kitu kiwe tayari, ili kufungua na kumaliza viwe kitendo kimoja.

Hifadhidata, pale WordPress inapotunza maandishi ya tovuti, ina hatua tatu kwenye cPanel: unaiunda, unamuunda mtumiaji wake, kisha unamfunga mtumiaji kwenye hifadhidata na kumpa haki zote. Hii ya tatu ndiyo watu wengi huiruka. Tena cPanel inabandika jina la akaunti yako mbele ya kila jina: ukiandika “shaba”, jina kamili linakuwa kama “akaunti_shaba”, na ndilo hilo refu linalotakiwa.

Kisha wp-config.php, faili inayoiambia WordPress jinsi ya kuifikia hifadhidata. Ndani ya zipu mna kielelezo chake, wp-config-sample.php; mimi yangu niliiandaa kwenye kompyuta kwa betri, giza likiwa limeshaingia, bila intaneti. Unajaza DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD: jina la hifadhidata, mtumiaji wake na nenosiri lake. DB_HOST, mahali hifadhidata ilipo, kwa kawaida ni localhost, yaani seva hiyohiyo, ila baadhi ya wakodishaji wana anwani nyingine, soma barua pepe waliyokutumia. Zile funguo nane za siri, zinazolinda watumiaji wanapoingia, niliziandika kwa kupapasa kibodi ovyoovyo, herufi ndefu zisizo na maana, nikichunga tu nisiguse alama ya nukuu. Ipo anwani ya WordPress inayozitengeneza ukiwa na mtandao. Kiambishi wp_, kinachotangulia majina ya majedwali ya hifadhidata, niliacha kilivyo. Wanaosema kukibadilisha ni ulinzi mkubwa hawajanishawishi.

Umeme uliporudi usiku, nilifungua zipu. Inatoa folda iitwayo wordpress; nilichagua vyote vilivyomo nikavihamishia public_html, la sivyo anwani ya mzee ingeishia na /wordpress. Nikapandisha wp-config.php yangu, nikaipa ruhusa 600, yaani mwenye akaunti pekee aisome na kuiandika. Folda zibaki 755, faili nyingine 644. Ukiona mtu anakushauri 777, inayomruhusu kila mtu kuandika, achana naye. Kivinjari kikaleta fomu fupi: jina la tovuti, mtumiaji, nenosiri, barua pepe. Mtumiaji sikumwita “admin”, hilo ndilo jina la kwanza wavamizi wanalojaribu. Nikabofya, kikakubali.

Kilichokula muda ni picha. Simu ya mzee inapiga picha nzito, na shaba inang'aa mpaka mchoro unapotea. Tulitoa mabamba kwenye kivuli cha mwembe, nikazipunguza picha hadi upana wa pikseli 1200 kabla ya kuzipandisha, maana WordPress yenyewe inatengeneza nakala za ukubwa mbalimbali ikishazipokea, lakini mega zimeshaliwa.

Binti yake nilimfungulia akaunti ya mhariri. Anaandika na kubadilisha, ila hawezi kugusa programu. Bei amezitia kwa dola na kwa faranga, na tayari ameniuliza nani atakuwa anazibadilisha kila faranga ikishuka.