Kabla hujasaga kidonge

Dada mmoja aliniuliza kama anaweza kumsagia baba mkwe vidonge, maana kumeza kunamsumbua. Nikamwambia, hebu nivione kwanza. Kimoja kilikuwa cha kawaida, hakina shida. Cha pili kimetengenezwa kuachia dawa polepole kwa saa 24. Hicho ukikisaga, dozi ya siku nzima inaingia mwilini kwa mkupuo mmoja, na hapo ni hatari. Vyenye ganda la kuzuia asidi ya tumbo navyo viache vizima. Kapsuli? Baadhi hufunguliwa, nyingine hapana, uliza. Dawa ya unga iliyochanganywa na maji, msipoitikisa kabla ya kila dozi, hutuama, hivyo dozi za mwanzo huwa hafifu, za mwisho kali. Na vijiko vya chai sivipendi kabisa, havilingani. Pima dawa ya maji kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe) lenye alama za mililita.